Nani Abebe Hasara ya Mtumba?

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hii twafundishwa tangu shule ya msingi. Katika mtihani twaulizwa maana yake, nasi twajibu kwamba shida ya mtu huonekana nyepesi kwa asiyeibeba. Twapata alama mbili, twaenda zetu. Wapenzi wasomaji wa jarida letu, leo nataka kuitoa methali hiyo darasani niipeleke sokoni, kwenye meza za nguo, nikaulize swali moja tu: nguo mbovu inapofika kwetu, hasara yake aibebe nani?

Nauliza hivyo kwa sababu kila siku twasikia watu wakibishana kuhusu mitumba. Mmoja asema mitumba ipigwe marufuku kwa kuwa imetuulia viwanda. Mwingine asema mitumba ndiyo iliyomlisha na kumsomesha. Wote wawili wana haki yao, lakini mimi naona wanagombania jambo ambalo silo. Jambo lenyewe si kama nguo ni mpya au ni kuukuu. Jambo ni kwamba nguo ina safari ndefu na hupita mikono mingi, na katika safari hiyo faida kubwa hubaki kwa wachache walio katikati, ilhali hasara husukumwa kwenye miisho miwili: kwa yule aliyeilima na kuishona, na kwa yule wa mwisho kuiuza na kuivaa. Sisi watu wa Lamu tuko kwenye mwisho huo wa pili. Na kisiwa kikiwa ndio mwisho wa safari, hakuna tena pa kuisukuma nguo mbovu isipokuwa jaani au baharini.

Hebu tuanze na neno lenyewe. Vijana wengi hudhani kwamba neno "mtumba" lilizaliwa Gikomba kule Nairobi, au Kongowea pale Mombasa. La hasha! Ni neno la zamani sana katika Kiswahili. Mtumba ulikuwa ni robota la nguo au bidhaa nyingine, lililofungwa barabara likabebwa na mpagazi katika misafara ya kwenda bara. Na katika karne ya 19, nguo iliyofungwa sana katika mitumba hiyo ilikuwa ni merikani. Bibi zetu wangali walijua jina hilo: kile kitambaa cha pamba kigumu, kisichotiwa rangi. Kiliitwa merikani kwa sababu kilitoka Marekani. Mwaka 1833 Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said, na merikebu za mji wa Salem katika jimbo la Massachusetts zikawa zaja Unguja zimesheheni kitambaa hicho, zikirudi na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi.

Sasa sikilizeni vizuri. Kitambaa kilifumwa kaskazini mwa Marekani, lakini pamba ilitoka majimbo ya kusini, na waliokuwa wakiichuma ni watumwa, watu ambao wao au wazazi wao walikuwa wamenyakuliwa kutoka bara hili letu la Afrika. Je, mtu wa pwani aliyejifunga merikani akaenda zake harusini alijua hayo? Haelekei alijua, na aliyemuuzia hakuwa na sababu ya kumwambia. Wala tusijifanye sisi tulikuwa watakatifu, maana misafara iliyopeleka merikani bara mara nyingi ilirudi na pembe pamoja na watumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, pamba ikakatika, na nguo za Uingereza na Bara Hindi zikalishika soko. Mnunuzi akabadilisha kitambaa bila ya kuuliza, kama alivyokuwa amekinunua cha kwanza bila ya kuuliza.

Nimeyataja ya kale si kwa kujaza kurasa, bali ili tuone kwamba ugonjwa huu si wa leo. Dawa yake pia si ya leo. Pate, ambayo ni jirani yetu wa mashua tu, ilisifika katika karne ya 16 na 17 kwa nguo za hariri. Padri mmoja wa Kireno, João dos Santos, ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1609, alizisifu nguo hizo zilizofumwa Pate na kutafutwa na miji mingine ya pwani. Mreno mwingine, Duarte Barbosa, aliandika mapema zaidi, mwanzoni mwa karne ya 16, kuhusu Sofala iliyoko Msumbiji ya leo. Alieleza kwamba wafumaji wa huko walizichukua nguo za rangi kutoka Bara Hindi, wakazifumua uzi kwa uzi, kisha wakazifuma upya pamoja na uzi wao mweupe wa pamba. Kumbe wazee wa pwani walijua zaidi ya miaka 500 iliyopita kwamba nguo iliyotoka ng'ambo haiishii kuvaliwa tu. Yaweza kufumuliwa ikawa nguo nyingine.

Na hata nyumbani kwetu elimu hiyo ilikuwapo. Nani hapa asiyejua safari ya leso? Leso ikiwa mpya huvaliwa kwa kutoka. Ikianza kupauka huvaliwa jikoni. Ikilainika huwa ubeleko wa mtoto, kisha hupasuliwa ikawa winda. Winda likichakaa huwa tambara la kufutia, na tambara likiisha kabisa huoza kwenye mchanga kwa sababu ni pamba tupu. Leso moja hufanya kazi nne au tano, na mwishowe haina taka. Lakini siku hizi hata leso zenyewe ziko za poliesta, na hizo ukizifanya tambara hazinywi maji. Nitarudi kwenye jambo hilo.

Sasa tuje kwenye mtumba wa leo. Mtu wa Ulaya, Marekani, Kanada au China achoka na nguo yake. Pengine aitia kwenye sanduku la sadaka, moyoni akiamini kwamba itampa maskini sitara. Nguo hiyo huuzwa kwa kilo, hupelekwa ghala ikachambuliwa, hubanwa kwa mashine ikafungwa robota, hutiwa kontena, ikashuka bandari ya Mombasa. Si nguo chache. Taasisi ya Masuala ya Uchumi ya Nairobi ilikadiria kwamba mwaka 2019 peke yake Kenya iliingiza tani kama 185,000 za mitumba. Kutoka Mombasa robota hupandishwa gari, likapita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, likatiwa mashua, likavuka hadi Amu, na kutoka gatini likabebwa na hamali au punda mpaka Langoni. Kila mmoja aliyelishika njiani amelipwa chake kabla halijafunguliwa. Asiyelipwa bado ni yule atakayelifungua.

Mamangu mdogo ni mmoja wa hao wanaolifungua. Yeye huuza nguo za watoto. Robota laja limekazwa kwa mikanda, na kwa nje limeandikwa aina ya nguo na uzito, mara nyingi kilo 45. Hulipiwa lingali limefungwa. Ukishakata mikanda ni lako, liwe jema au liwe baya. Wahenga wa siku hizi huita hivyo kuuziwa mbuzi kwenye gunia, ila huyu mbuzi hata kulia halii. Likifunguliwa, nguo hugawanywa mafungu. Kuna kamera, yaani zile nzuri za kwanza ambazo wanunuzi hugombania. Kuna za kati. Halafu kuna fagia, na jina lajieleza lenyewe: zilizochanika, zenye madoa, zipu zilizokufa, lastiki zilizolegea. Mwenye bahati fagia yake huwa kidogo. Asiye na bahati, fagia humla mtaji.

Mwaka jana robota moja lililoandikwa nguo za watoto lilipofunguliwa, nusu nzima ilikuwa ni masweta na makoti ya baridi kali. Jamani! Nani amvishe mwanawe koti la theluji Lamu mwezi wa Februari, na jua la kaskazi lachoma utosi? Mamangu mdogo akampigia simu mfanyabiashara wa jumla aliyemuuzia. Yule bwana hakumtukana wala hakukata simu. Alijibu kwa upole kabisa, "Mama, hata mimi sikulifungua."

Nimelifikiria sana jibu hilo, na naona ndani yake mna mambo yote. Yule bwana hakusema uongo. Yeye hakulifungua, alinunua limefungwa. Aliyelileta kwa meli hakulifungua. Aliyetoa nguo huko Ulaya hakujua inakokwenda. Na kiwanda kilichoishona fulana ile, ambayo huanza kutanuka shingo baada ya kufuliwa mara tatu, nacho hakitauliza maisha yake yote iliishia wapi. Kila mmoja yuasema hata mimi sikulifungua, na kila mmoja ana faida yake mfukoni. Mwisho wa msururu yupo mama mmoja Langoni amekaa kwenye mkeka, ana deni la chama cha akina mama, na mbele yake pana rundo la makoti ya theluji. Huyo ndiye aliyebeba. Kwa wengine wote mzigo ulikuwa kanda la usufi.

Pengine mtasema, "Si afanye matambara?" Vizuri, hapo ndipo narudi kwenye poliesta. Zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani siku hizi ni poliesta, nayo hutokana na mafuta ya petroli, kitu kimoja na chupa za maji tunazoziokota ufuoni. Tambara la pamba hunywa maji na mafuta, kwa hivyo fundi wa mashini ya boti hulitaka. Na pamba ndiyo mafundi wa majahazi huitia kalfati baina ya mbao ili chombo kisivuje. Poliesta hainywi vizuri, haifai kalfati, haiozi kama pamba, na ukiichoma hutoa moshi mzito mweusi wa plastiki. Hata ikiwa ingali yavaliwa, kila ikifuliwa hutoa vinyuzi vidogo sana visivyoonekana, na maji ya kufulia kwetu sote twajua yanakokwenda. Huenda kwenye mitaro, na mitaro huenda baharini, kule kule tunakovua changu na tasi.

Mwaka 2023 shirika la Changing Markets lilitoa ripoti iliyokadiria kwamba kila mwaka nguo zaidi ya milioni 300 za nyuzi za plastiki, zilizoharibika au zisizouzika, huingia Kenya na kuishia kutupwa au kuchomwa. Wafanyabiashara wa mitumba waliikataa ripoti hiyo wakisema hakuna mtu mwenye akili anunuaye taka kwa pesa yake. Mimi nawaelewa. Ni kweli hakuna anunuaye taka akijua ni taka. Lakini ndio maana nasema tatizo ni ile mikanda. Mwenye kununua kitu kilichofungwa hanunui kwa akili, anunua kwa dua.

Na kisiwa si kama bara. Mji wetu wa kale uliwekwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na wageni wanakuja kutazama milango na vichochoro. Lakini taka zetu hazina reli wala lori la kuzipeleka mbali. Zikitoka nyumbani zaenda jaani, na upepo ukivuma zarudi mitaani au zaingia mikokoni. Punda nao hula kila wanachokikuta.

Mwaka 2018 mafundi wa hapa hapa Lamu, wakiongozwa na fundi Ali Skanda, walilishusha majini dau la Flipflopi, lenye urefu wa mita 9, lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuvishwa slipa kiasi cha 30,000 zilizosukumwa na bahari hadi ufuoni. Mwanzoni mwa mwaka 2019 likasafiri mpaka Unguja, safari ya kilomita 500 hivi. Sote tulijivuna na bado twajivuna. Lakini mimi hujiuliza jambo moja ambalo sijasikia likiulizwa. Slipa ni vazi. Kila moja katika zile 30,000 iliuzwa dukani na mtu, na mtu alipata faida. Mbona waliozitengeneza hawakuonekana ufuoni wakati wa kuziokota? Aliyeinama akaokota ni mtu wa Lamu. Hasara, kwa mara nyingine, ilibebwa na wa mwisho.

Msidhani pia kwamba ukinunua nguo mpya umeokoka. Mwisho wa kwanza wa msururu una hasara yake, tena wa huko hulipa kwa roho. Tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza lenye ghorofa nane huko Savar, karibu na Dhaka nchini Bangladesh, lilianguka likaua watu zaidi ya 1,100, wengi wao wasichana na akina mama waliokuwa wakishona nguo za kuuzwa Ulaya na Marekani. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla. Benki iliyokuwa chini ya jengo hilo iliwaambia wafanyakazi wake wasije. Washonaji waliambiwa warudi kazini. Baadaye lebo za makampuni makubwa zilipatikana kwenye kifusi, na baadhi ya makampuni yakasema hayakujua kwamba nguo zao zilishonwa humo. Mwalisikia jibu hilo? Ni ndugu wa "hata mimi sikulifungua".

Na mkulima naye? Pamba hulimwa katika kaunti yetu hii hii, Mpeketoni, Hindi na Witu. Mkulima apanda hajui bei atakayoikuta wakati wa kuvuna. Bei ikianguka, yeye ndiye aangukiwaye. Hivyo msururu mmoja wa nguo waanzia kwa mtu wa Lamu asiyejua atauza kwa bei gani, ukazunguka dunia nzima, ukamalizikia kwa mtu wa Lamu asiyejua amenunua nini.

Basi, tupige marufuku? Wengi wangejibu ndiyo, na zamani hata mwalimu mmoja alitupa mada hiyo kwa mdahalo. Tutazame yaliyotokea kweli. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua mpaka 2019. Marekani ikatishia kuzinyima nchi hizo nafasi ya kuuza nguo kwake bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Kenya, yenye maelfu ya wafanyakazi katika viwanda vya Athi River na kwingineko vinavyoshonea soko hilo, ikarudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo wake, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafasi hiyo. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na hapa tembo alikuwa mmoja tu. Kisha mwaka 2020, wakati wa korona, Kenya ilisimamisha uingizaji wa mitumba kuanzia Machi hadi Agosti kwa kuhofia maradhi. Miezi hiyo si viwanda vilivyofurahi, ni wauzaji wadogo waliokaa bila ya bidhaa.

Viwanda navyo havirudi kwa kutangazwa. Rivatex ya Eldoret, iliyokuwa fahari ya nchi, ilianguka mwishoni mwa miaka ya 90. Chuo Kikuu cha Moi kikainunua mwaka 2007, na ilifunguliwa upya rasmi mwaka 2019, yaani miaka 12 baada ya kununuliwa. Mtoto aliyezaliwa siku iliponunuliwa alikuwa amekaribia kumaliza shule ya msingi. Kwa hivyo anayetaka mamangu mdogo aache mitumba kesho, amwambie kesho hiyo watoto wake watakula nini.

Mimi sisemi mitumba iondolewe. Nasema hasara ipande juu, irudi ilikotoka. Na nadhani njia zipo.

Kwanza, mtumba ufunguliwe kabla ya kulipiwa. Muuzaji wa jumla awe na sehemu ya kulifungua robota mbele ya mnunuzi, au akubali kurudishiwa zile zisizovalika kwa kiasi watakachopatana. Mtasema ataongeza bei. Aongeze! Bora kununua nguo 100 njema kwa bei ya haki kuliko kununua 150 ukatupa 50, maana kuzitupa pia kuna gharama, nayo hulipwa na mji mzima. Tena akirudishiwa mara mbili tatu, naye atamdai aliyemletea, na huyo atamdai aliyeko ng'ambo. Hivyo ndivyo hasara hupanda ngazi.

Pili, pesa zifuate nguo. Tangu Januari 2025 nchi za Umoja wa Ulaya zatakiwa kuzikusanya nguo kuukuu mbali na taka nyingine, na mwaka huo huo umoja huo ulipitisha sheria ya kuwalipisha watengenezaji na wauzaji wa nguo gharama za kuzikusanya na kuzichambua. Ufaransa ilikuwa na mpango kama huo miaka mingi kabla. Ni jambo jema sana, lakini mimi mwanafunzi wa Lamu nina swali. Ikiwa fulana imelipiwa ada Paris kwa ajili ya mwisho wake, na mwisho wenyewe ukatokea Lamu, mbona ada ibaki Paris? Sisi tumepata maiti bila ya gharama za mazishi. Serikali yetu ina nguvu ya kulisema hilo, kwani Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imekubali kwamba mzalishaji ana wajibu juu ya bidhaa yake hata ikishakuwa taka. Sheria hiyo itumike na kwenye nguo.

Tatu, kaunti itenge mahali pa nguo zilizokufa. Kama plastiki ngumu yaweza kukusanywa ikawa dau, nguo nazo zaweza kutengwa: pamba kwa mafundi na mafagio ya kupigia deki, masweta yafumuliwe uzi kama walivyofanya wafumaji wa zamani, na akina mama walipwe kwa kilo kwa kuleta badala ya kutupa.

Nne, na hapa nasema na nyinyi wenzangu, tuanze na shule yetu. Kila mwaka ifikapo tarehe 7 Julai twaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Ni siku ya fahari. Lakini kila mwaka Chama chetu huagiza fulana mpya za poliesta, zimeandikwa mwaka kifuani kwa herufi kubwa. Mwaka unaofuata hakuna azivaaye, kwa sababu mwaka umepitwa. Nendeni mkatazame nyuma ya mabweni ya jirani na kwenye vibaraza vya mtaani, mtaona Siku ya Kiswahili yapigiwa deki, tena hata maji hainywi!

Naleta hoja rasmi kwa mkutano mkuu wa Chama. Tununue fulana za pamba mara moja, tusiandike mwaka, ziwe mali ya Chama. Mwanachama aazime kwa siku hiyo, afue, arudishe. Tukipiga hesabu, hata fulana ya pamba ikiwa ghali mara mbili ya ile ya poliesta, ikivaliwa miaka minne itakuwa imetugharimu nusu tu. Najua kuna watakaosema fulana ni kumbukumbu ya kuweka nyumbani. Kumbukumbu tutaipata kwenye jarida hili na kwenye picha. Aidha, ndugu zetu wa Kidato cha Nne wakishamaliza mtihani, waache sare zao nzima kwa ajili ya wanaofuata, maana mna wazazi ambao bei ya sare huwanyima usingizi. Na palipochanika pashonwe. Hapa mjini mafundi cherehani wapo, nao pia wana watoto.

Jambo hili halitaki utajiri. Na mwaka 2027 uchaguzi utakapokuja, tukaletewa fulana za bure za kila rangi, tukumbuke kwamba kuna aliyezishona kwa ujira mdogo na kuna jaa litakalozipokea, na katikati kuna mtu aliyepata tenda. Tuwaulize hao watakaotugawia: hizi mmezifungua mkaziona? Zimetengenezwa kwa nini? Zikichakaa mtakuja kuzichukua?

Nawaomba wenzangu na walimu wetu tuyajadili haya kwa uwazi. Asiyekubaliana nami anijibu katika mkutano mkuu au katika toleo lijalo, nami nitamsoma kwa makini. Hoja ya fulana nimeshamkabidhi katibu. Imebaki kupigiwa kura.